Mwongozo wa Kubadilisha Saa ya Chakula cha Jioni Mliyopangiwa kwenye Meli ya Kitalii

Familia inayoweka nafasi kwenye meli kubwa ya kitalii, iwe inaondokea Miami, Port Canaveral, Galveston au Southampton, hupangiwa mambo mawili ambayo wengi huyagundua wakiwa wamekwisha kulipa: saa ya chakula cha jioni na namba ya meza. Ukumbi mkuu wa chakula hauwezi kuwaketisha abiria wote kwa mara moja, na kwa sababu hiyo kampuni nyingi huwagawa katika zamu mbili. Zamu ya kwanza huanza kati ya saa kumi na moja na nusu na saa kumi na mbili jioni, na zamu ya pili huanza kati ya saa mbili kasoro robo na saa mbili na nusu usiku. Waliopangiwa zamu moja huketi meza ileile kila jioni, saa ileile, wakihudumiwa na wahudumu walewale tangu usiku wa kwanza hadi wa mwisho.

Saa mliyopangiwa ikiwa haiwafai, inaweza kubadilishwa, na ombi la kubadilisha kwa kawaida halitozwi ada. Hata hivyo, kabla ya kupiga simu yoyote ni vizuri kuelewa kitu kinachohesabiwa upande wa pili. Anayeomba kuhamishwa kutoka zamu ya pili kwenda zamu ya kwanza anaomba meza yenye viti vya kutosha ambayo saa hiyo haina mwenyewe. Mume na mke walio peke yao hupata meza ya namna hiyo bila shida kubwa. Watu kumi na wawili wanaotaka kula pamoja, babu na bibi wakiwa katikati, wanahitaji meza kubwa, na meza kubwa katika ukumbi wowote ni chache. Kila hatua iliyoelezwa hapa inalenga kulirahisisha jambo hilo moja: kupatikana kwa viti.

Hatua ya kwanza: jueni mmewekwa katika mpango gani

Fungueni akaunti ya safari yenu kwenye tovuti au programu ya simu ya kampuni, au someni hati ya uthibitisho mliyotumiwa, mtafute mahali palipoandikwa habari za chakula cha jioni. Zamu huonekana mapema, lakini namba ya meza mara nyingi haijulikani hadi siku ya kupanda, inapoonekana kwenye programu au kwenye kadi ya chumba. Kadi hiyo, ambayo Royal Caribbean huiita SeaPass, Carnival huiita Sail & Sign na Disney huiita Key to the World, ndiyo inayofungua mlango wa chumba na kulipia kila kitu melini, kwa hiyo kila mmoja wenu atakuwa nayo. Saa zitaandikwa kwa hesabu ya Kizungu; waandikieni wazee kwenye kikaratasi kwamba 6:00 PM ni saa kumi na mbili jioni na 8:15 PM ni saa mbili na robo usiku, ili asiwepo mtu wa kufika ukumbini mlango umeshafungwa.

Kampuni hazifanani, na nusu ya malalamiko yanayosikika hutokana na mtu kudhani kwamba aliyoyaona kwenye meli ya kampuni moja yatakuwa yaleyale kwenye meli ya kampuni nyingine. Norwegian Cruise Line iliacha zamu za kudumu mwaka 2000 ilipoanzisha utaratibu inaouita Freestyle, kwa hiyo abiria wake hawana saa ya kubadilisha. Wao huenda mgahawani wanapotaka au huweka nafasi ya jioni husika. Royal Caribbean na Carnival zina njia zote mbili: zamu mbili za kudumu, pamoja na mpango wa hiari ambao kwa Royal Caribbean huitwa My Time na kwa Carnival huitwa Your Time. Katika mpango wa Carnival, mnatoa taarifa kupitia programu ya simu kwamba mko tayari kula, kisha mnapata ujumbe meza inapopatikana. Katika ule wa Royal Caribbean, mnaweza kuweka nafasi ya saa fulani kwa kila jioni kabla hata ya safari kuanza.

Disney ina utaratibu wake wa pekee. Abiria huzungushwa katika migahawa mitatu tofauti, jioni hii hapa na jioni inayofuata pale, na wahudumu wao huhama pamoja nao, wakiwa wameshajua kwamba mtoto wa mwisho hapendi nyanya. Kinachobaki palepale ni saa, ambayo kwa kawaida ni saa kumi na moja na dakika 45 jioni kwa zamu ya kwanza na saa mbili na robo usiku kwa zamu ya pili. Kwenye meli za Cunard zinazoondokea Southampton, abiria wengi hula katika mgahawa wa Britannia, ambao nao una zamu ya mapema na ya baadaye, ilhali walionunua vyumba vya daraja la juu wana migahawa yao ambamo hakuna zamu.

Iwapo kampuni yenu inatoa mpango wa hiari, huenda suluhisho la haraka zaidi ni kuuomba huo badala ya kupigania zamu iliyojaa. Ushauri wangu, lakini, ni kwamba familia ya zaidi ya watu wanane ifikirie mara mbili. Uhuru wa kula saa yoyote ni mzuri kwa watu wanne. Kwa watu kumi, maana yake ni kusimama mlangoni kila jioni mkisubiri meza kubwa iachwe, huku watoto wakivuta mikono ya mama zao, na wahudumu watakaowapokea hawatakuwa walewale wa jana. Mkiuchagua, wekeni nafasi za jioni zote mapema na kwa saa moja isiyobadilika. Kwa kufanya hivyo mtakuwa mmejitengenezea zamu yenu wenyewe.

Hatua ya pili: kubalianeni saa mnayoitaka kabla ya kuomba

Hapa ndipo familia nyingi huharakisha, zikadhani kwamba zamu ya kwanza ndiyo bora kwa kila mwenye watoto. Kwa kuwa karibu kila familia hudhani hivyo, zamu ya kwanza hujaa mapema, hasa nyakati za likizo za shule, na wanaoomba kuhamia huko ndio wanaojikuta kwenye orodha ndefu ya kusubiri. Hesabuni kwanza.

Anzeni na watoto. Mlo kamili wa ukumbini, kuanzia kianzio hadi kitindamlo, huchukua kama saa moja na nusu. Mtoto wa miaka minne aliyezoea kulala saa mbili usiku hataweza kuketi kwa utulivu kuanzia saa mbili na robo. Kwa upande mwingine, mtoto wa miaka kumi aliyetoka kwenye bwawa la kuogelea saa kumi alasiri, akiwa amekula pizza na aiskrimu zisizolipiwa, hatagusa sahani atakayowekewa saa moja na nusu baadaye. Kwenye meli za Disney kuna msaada kwa wazazi wa zamu ya pili: walezi wa klabu ya watoto huja mgahawani chakula kikiwa kinaendelea, wakawachukua watoto waliokwisha kula, na wazazi wakaendelea na mlo wao. Ulizeni kama meli yenu ina utaratibu wa aina hiyo, kwa sababu huenda mkagundua kwamba zamu mliyokuwa mkiikimbia haina ubaya.

Maonyesho ya jukwaani yaingizwe kwenye hesabu hiyohiyo. Onyesho kubwa la jioni kwa kawaida huchezwa mara mbili, ili wa zamu ya kwanza walione baada ya kula na wa zamu ya pili walione kabla ya kula. Kwa hiyo anayekula mapema huingia ukumbi wa maonyesho usiku, watoto wakiwa wamechoka na kushiba, na anayekula baadaye huingia humo mapema, watoto wakiwa macho. Kubadilisha saa ya chakula ni kubadilisha jioni nzima.

Wazee waliotoka nyumbani wanahitaji hesabu yao. Tofauti ya saa kati ya Afrika Mashariki na Miami ni saa saba wakati wa kiangazi cha Marekani na saa nane wakati wa baridi. Bibi aliyewasili juzi kutoka Dar es Salaam au Nairobi kuungana na watoto wake walioko Marekani, akiketishwa mezani saa mbili na robo usiku mwezi wa Julai, mwili wake unamwambia kwamba ni saa tisa na robo za usiku wa manane. Zamu ya kwanza nayo, kwa siku mbili tatu za mwanzo, kwake ni kama saa saba kasoro robo usiku, ambayo angalau inavumilika. Mnapokuwa na mgeni wa namna hiyo, zamu ya kwanza ina haki ya kudaiwa kwa nguvu, na sababu hiyo itajwe wazi kwenye ombi.

Kwa familia za Kiislamu kuna suala la Magharibi, na hapa msimu huamua. Mtu aliyekulia Mombasa, Zanzibar au Dar es Salaam amezoea jua kuzama kati ya saa kumi na mbili na saa moja jioni mwaka mzima, na kwa mazoea hayo ataona kwamba zamu ya pili ndiyo inayoacha nafasi ya sala. Huko Florida mambo ni tofauti. Miami, jua huzama kama saa mbili na robo usiku mwishoni mwa Juni, ambayo ndiyo saa hasa ya zamu ya pili, ilhali katikati ya Desemba huzama kama saa kumi na moja na nusu jioni, mlango wa zamu ya kwanza unapofunguliwa. Kwa safari ya kiangazi, basi, zamu ya kwanza humalizika muda mrefu kabla ya adhana. Kwa safari ya Desemba, zamu ya pili huacha nafasi ya Magharibi na Isha pia. Suala la msafiri kukusanya sala kila mmoja analifahamu kwa elimu yake, lakini ni afadhali saa ya chakula isiwe ndiyo inayowalazimisha.

Mwisho, tazameni ratiba ya bandari. Siku ambayo meli inaondoka bandarini jioni, abiria wa zamu ya kwanza hurudi kutoka matembezini wakiwa na mchanga miguuni na dakika chache tu za kuoga. Ikiwa safari ina bandari moja tu, hilo si tatizo. Ikiwa kila siku ni bandari mpya, kama ilivyo katika safari nyingi za Bahari ya Kati, zamu ya pili inastahili kufikiriwa hata na wenye watoto.

Chagueni pia msemaji mmoja. Shangazi akipiga simu asubuhi kuomba zamu ya kwanza, na kaka mkubwa akaandika jioni kuomba mpango wa hiari, kampuni itakuwa na maombi mawili yanayopingana chini ya jina la familia moja, na hakuna atakayeshangaa lisipotekelezwa hata moja.

Hatua ya tatu: unganisheni nafasi zenu

Vyumba vingi vya meli huchukua watu wawili hadi wanne. Familia ya watu kumi, kwa hiyo, huwa na vyumba vitatu au zaidi, na mara nyingi kila chumba kina namba yake ya kumbukumbu. Kwa kompyuta inayopanga meza, hao ni watu wasiojuana, hata kama wote wanaitwa kwa jina moja la ukoo. Orodhesheni namba zote za kumbukumbu, muwaombe wakala au kampuni waziunganishe, na mseme kwa maneno yaliyo wazi kwamba mnataka kuketi pamoja wakati wa chakula cha jioni, maana kuunganisha nafasi na kuketi pamoja huweza kuandikwa mahali tofauti.

Baada ya kuunganishwa, hakikisheni kwamba vyumba vyote vimewekwa katika zamu moja. Hali inayosumbua zaidi ni ile ambayo chumba cha wazazi kiko zamu ya kwanza na vyumba vya watoto waliooa viko zamu ya pili. Hapo mnapaswa kuamua ni upande upi uhame, na kwa kawaida ni rahisi zaidi kuwahamishia wote kwenye zamu ya pili kuliko kuwaingiza watu sita zaidi kwenye zamu ya kwanza iliyokwisha kujaa.

Hatua ya nne: ombeni mapema, kabla meli haijapewa orodha

Nafasi zilizowekwa kupitia wakala wa safari hubadilishwa kupitia kwa wakala huyohuyo. Mkipiga simu moja kwa moja kwenye kampuni, mara nyingi mtarudishwa kwake. Waliojiwekea nafasi wenyewe huanza kwenye akaunti yao ya mtandaoni, ambako, ikiwa viti vipo, zamu hubadilishwa papo hapo. Ikiwa mtandao unakataa, pigeni simu, kwa sababu mhudumu wa simu ndiye anayeweza kuwaingiza kwenye orodha ya kusubiri pale kampuni inapokuwa nayo, kama ilivyo kwa Disney.

Orodha hiyo husogea zaidi kipindi cha malipo ya mwisho, ambacho kwa kawaida huwa kati ya miezi miwili na nusu na minne kabla ya safari, kutegemea kampuni na urefu wa safari. Waliokuwa wameshikilia nafasi bila uhakika hujitoa wakati huo, na viti vyao vya chakula hurudi. Kwa hiyo ombi likikataliwa mara ya kwanza, ulizeni tena mara tu tarehe hiyo inapopita. Siku chache kabla ya safari mpango wa meza hukabidhiwa kwa meli yenyewe, na tangu hapo ofisi ya nchi kavu haiwezi tena kufanya lolote.

Ujumbe kwa wakala uwe mfupi na wenye kila kitu. Unaweza kuandikwa hivi:

"Habari za kazi. Sisi ni familia ya watu kumi katika vyumba vitatu, tutakaosafiri kwa meli na tarehe zilizotajwa hapo juu. Namba zetu za kumbukumbu ni hizi tatu. Kwa sasa tumepangiwa zamu ya pili ya chakula cha jioni. Tunaomba sote tuhamishiwe zamu ya kwanza na tuketi pamoja, kwa kuwa tunasafiri na mama yetu mwenye umri wa miaka 78 na watoto wawili walio chini ya miaka mitano. Kama hakuna meza ya watu kumi, tunakubali meza mbili zilizo karibu. Kama zamu ya kwanza imejaa, tunaomba tuwekwe kwenye orodha ya kusubiri na tubaki zamu ya pili kwa sasa. Tafadhali tutumie uthibitisho mpya mabadiliko yakikamilika. Wawili kati yetu wana mzio wa karanga, na wote tunaomba chakula cha halali."

Sentensi inayosema kwamba mnakubali meza mbili zilizo karibu ina uzito kuliko zote. Kwa sentensi hiyo mmegeuza ombi la meza moja adimu kuwa ombi la meza mbili za kawaida. Sentensi inayosema mbaki zamu ya pili kwa sasa nayo ni ya lazima, ili asitokee mtu akawafutia nafasi mliyo nayo kabla ya kupata mnayoitaka. Wanaopiga simu badala ya kuandika watumie mpangilio huohuo wa hoja, na kabla ya kukata simu waulize jina la mhudumu na kuliandika pamoja na tarehe.

Msiridhike na kauli ya mdomo kwamba jambo limefanyika. Fungueni akaunti baada ya siku mbili muone zamu mpya imeandikwa kwenye kila namba ya kumbukumbu, kwa kuwa kosa la kawaida ni chumba kimoja kuhamishwa na vingine kuachwa.

Hatua ya tano: siku ya kupanda, nendeni kwa mwenye mpango wa meza

Iwapo mmefika bandarini mkiwa bado na saa msiyoitaka, mtu wa kumwona ni mkuu wa ukumbi wa chakula, ambaye kwenye vibao na ratiba za melini huandikwa maître d'. Huyu ndiye mwenye mpango wa meza mkononi. Watu wa dawati la huduma kwa abiria ni wema na wanasikiliza, lakini mara nyingi watakachofanya ni kuwaelekeza kwake, na mtakuwa mmepanga foleni mbili badala ya moja.

Siku ya kwanza, meli nyingi huweka meza maalumu ya mabadiliko ya chakula, mara nyingi kuanzia mchana hadi saa tisa au saa kumi alasiri, ama kwenye mlango wa ukumbi mkuu ama katika ukumbi mwingine uliotajwa kwenye programu ya simu au kwenye ratiba ya siku. Anayefika mapema hukuta meza bado ziko wazi. Kwa hiyo, mnapochagua kwenye mtandao saa ya kuingia bandarini, chagueni ya mapema iwezekanavyo, na mkishapanda, wote waende kwenye bafe isipokuwa msemaji wenu. Yeye aende moja kwa moja kwenye meza ya mabadiliko akiwa na orodha ya majina, namba za vyumba, zamu na namba ya meza ya sasa. Asisahau kwamba zoezi la usalama ni la lazima kwa kila abiria kabla meli haijaondoka.

Kuhusu namna ya kuzungumza: salamu kwanza, kisha idadi ya watu, kisha saa mnayoiomba, kisha sababu moja tu iliyo nzito kuliko nyingine. Mkuu wa ukumbi atasikia maombi mengi mchana huo, na anayemweleza historia ya safari nzima tangu visa ilipokataliwa mara ya kwanza anamchosha bila faida. Mzee aliyechoka na safari ndefu, mtoto mdogo, au familia iliyogawanywa katika zamu mbili ni sababu anazozielewa mara moja. Baada ya hapo msemaji ataje chaguo la pili: meza mbili jirani, au mpango wa hiari, au kuhamishwa kuanzia kesho.

Wapo wanaoshauri kwamba noti iliyokunjwa ndani ya kiganja hufungua meza. Sioni haja. Bahashishi za wahudumu kwenye meli nyingi hukatwa kila siku kwenye akaunti ya chumba, na anayetaka kumshukuru mkuu wa ukumbi aliyemsaidia anaweza kufanya hivyo kwa heshima mwishoni mwa safari, wakati ambapo haiwezi kudhaniwa kuwa ni kitu kingine.

Jibu likiwa ni kwamba zamu imejaa, muulizeni mkuu wa ukumbi kama mnaweza kurudi baada ya chakula cha usiku wa kwanza. Usiku huo ndio unaoonyesha meza zipi hazikupata watu: kuna waliokosa meli kwa sababu ya ndege zilizochelewa, kuna walioamua kula bafe safari nzima, na kuna waliohamia mpango wa hiari bila kelele. Meza zao hugawiwa siku ya pili. Nendeni usiku huo wa kwanza kwenye meza yenu mliyopangiwa, hata kama saa ni mbaya, kwa sababu msipoonekana mtahesabiwa miongoni mwa wasiokuja. Siku ya pili asubuhi, msemaji arudi. Akingoja hadi siku ya tatu, wengine watakuwa wameshatangulia.

Hatua ya sita: mkikosa kabisa

Kuna njia za kuishi na saa msiyoipenda. Familia inaweza kujigawa kwa jioni chache: bibi na watoto wadogo wakala mapema kwenye bafe, ambayo kwenye meli nyingi hufunguliwa jioni, na watu wazima wakaenda ukumbini kwa saa yao. Wakipangiwa zamu ya pili, watoto wapewe kitu chepesi saa kumi na mbili, wakalala kidogo mchana, na mhudumu aombwe awaletee chakula chao mara tu familia inapoketi, sambamba na vianzio vya wakubwa. Wahudumu wa meli za familia wamezoea ombi hilo. Walio kwenye zamu ya kwanza bila kupenda wapunguze chakula cha mchana, wasogeze muda wa kutoka bwawani, na siku za bandari wale bafe bila kujilaumu.

Hatua ya saba: baada ya kubadilishiwa

Angalieni kadi au programu ya simu za watu wote, mmoja baada ya mwingine, muone saa mpya na namba mpya ya meza. Kisha, usiku wa kwanza kwenye meza hiyo, mwambieni mhudumu habari za mzio na chakula cha halali kana kwamba hazijawahi kuandikwa popote. Mhudumu wa meza ya zamani aliyeambiwa hayo si huyu, na kwa mtoto mwenye mzio wa karanga hakuna sababu ya kutegemea kwamba karatasi imehama pamoja nanyi. Ulizeni pia kuhusu nyama ya nguruwe kwenye supu na michuzi, na pombe kwenye vitindamlo, mambo ambayo orodha ya vyakula haiyataji kila mara.

Rekebisheni mambo yaliyofungamana na saa ya zamani: nafasi za maonyesho, muda wa watoto kwenye klabu, na ahadi za kupiga picha jioni ya mavazi rasmi. Saa inayofuatwa ni ya meli, ambayo haifanani kila siku na ya simu. Meli iliyotoka Galveston, Texas, wakati wa baridi ikifika kisiwa cha Cozumel, simu zitajisogeza mbele kwa saa moja kwa sababu jimbo la Mexico lenye kisiwa hicho halifuati majira ya Texas, na mtu anayetazama simu atafika ukumbini saa nzima kabla ya wakati. Meli ya Queen Mary 2 inapovuka Atlantiki kutoka Southampton kwenda New York, saa za melini hurudishwa nyuma hatua kwa hatua, jumla ya saa tano, na chakula hufuata saa hizo. Wazee wavae saa ya mkononi iliyowekwa kwa muda wa meli, na wawe wanaiangalia hiyo tu.

Jioni mtakayoamua kula kwenye mgahawa mwingine, au kubaki chumbani kwa sababu bahari imechafuka, mjulisheni mhudumu usiku uliotangulia, ili asiicheleweshe meza jirani kwa kuwasubiri ninyi na ili mkuu wa ukumbi asidhani kwamba viti mlivyovitafuta kwa bidii vimeachwa wazi.